Mate Niliyomnyima Mama Nduku

Jamani, kila mtu ana aibu yake ya kusimulia watu wakishashiba. Mwingine alianguka na sinia la pilau mbele ya wakwe, mwingine suruali ilimpasukia akiwa amesujudu, na hizo ni aibu za kiungwana, watu wanacheka, wanakupa pole, maisha yanaendelea. Yangu mimi ni ya mate. Ndiyo, mate haya haya ya mdomoni. Niliwahi kusimama mchana kweupe katikati ya watu wasiopungua mia, wote wamenikodolea mdomo wakisubiri niteme, na mate hayaji. Nawasimulia mwenyewe leo kwa sababu mke wangu ameshaanza kuisimulia kwa niaba yangu, na anavyoisimulia yeye naonekana mjinga kuliko nilivyokuwa, ilhali ujinga niliokuwa nao ulitosha kabisa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa. Mimi fundi pampu, mtoto wa Tanga, nikapata kazi kwenye mradi wa maji Kenya, upande wa Machakos, wakanipeleka Kithyoko, senta ya soko huko Masinga karibu na Mto Tana. Sasa rangi yangu mnaijua. Babu Mzigua, bibi Mbulushi, nami nikatoka hivi hivi mnavyoniona, chai iliyozidi maziwa, pua ndefu, nywele za kulala. Tanga hakuna anayegeuza shingo kwa ajili yangu, wa namna yangu tumejaa hadi tunakera. Lakini Kithyoko? Lahaula! Nikawa sinema ya bure.

Watoto walinipa Uzungu siku ile ile niliyoshuka. Walinifuata nyuma, "Musungu! Hawayuu!", nikigeuka na kuwaambia "Sijambo, ninyi hamjambo?" wanatawanyika mbio kana kwamba wamesalimiwa na mbuzi. Wazee walinipa Uarabu. Wenye maduka hawakujisumbua na nasaba yangu, wao walipandisha bei tu. Nikienda kunywa soda, watu watano wanaacha shughuli zao kunisindikiza, wananitazama napiga funda, natua chupa, nabeua, na mmoja anawaeleza wenzake kwa Kikamba, sijui alikuwa anaeleza nini, maana soda walikuwa wanakunywa na wao. Mwanamume mmoja alinitazama akiwa juu ya baiskeli mpaka akaingia mtaroni, na alipokuwa kule mtaroni bado alikuwa ananitazama. Nikifungua mdomo ndiyo mambo yanaharibika zaidi. "Aiya! Anaongea Kiswahili kama redio!"

Nilijaribu kofia. Wakatazama kofia. Nikanunua miwani ya jua (kosa kubwa, usinunue), sasa wakawa wananitazama na kujitazama humo kwenye vioo, mmoja akachana nywele kabisa.

Aliyekuwa hanitazami ni mmoja, Mama Nduku, mwenye nyumba wangu. Mjane, mtu mzima, msusi wa vikapu vya mkonge waviitavyo vyondo, kiongozi wa kina mama wa kijiji kwenye kazi zao za pamoja, na nilikuwa nimepanga chumba cha pembeni hapo bomani kwake. Siku ya kwanza alinipandisha na kunishusha mara moja tu, akasema, "Umekonda. Kwenu hakuna chakula?" Basi. Hakuuliza rangi, hakuuliza pua, akaniletea isyo, mahindi na maharagwe, bakuli la kumshibisha mkulima na nduguye.

Mama Nduku alikuwa na ng'ombe mmoja, mtamba wa maziwa, jina lake Kaveti. Ng'ombe yule alitokana na vyondo, miaka na miaka ya vyondo, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi mmoja azae. Binti yake Nduku alikuwa bweni, kidato cha pili, na mara mbili alisharudishwa nyumbani kwa kukosa karo, kwa hiyo maziwa ya Kaveti ndiyo yangemmaliza shule. Mama Nduku hakuficha. "Huyu akianguka," alikuwa akiniambia, "Nduku pia ameanguka." Jioni alikuwa anakaa karibu na zizi anasuka, anaongea na ng'ombe kuliko alivyoongea na mimi, na sikuona wivu (kidogo tu).

Basi nikamlalamikia Musyoka, dereva wa mradi, kijana wa Machakos mjini, mwenye jibu la kila kitu na leseni ya magari madogo tu. Nikamwambia nimechoka kutazamwa, naona kama ngozi inaniwasha. Musyoka akanijibu, "Mbongo, wewe ndio uko na shida. Mtu akikuangalia, si umwangalie pia? Mwangalie mpaka achoke. Hakuna mtu anaweza vumilia." Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaona hilo ni shauri.

Nikaanza. Wallahi lilifanya kazi. Nikitazamwa, nasimama, nakodoa macho, sipepesi, mpaka mwenzangu anakumbuka kwamba aliacha kitu nyumbani. Wiki mbili nilitazama kila kilichonitazama, wazee, wauza nyanya, kina mama na watoto mgongoni, mwenye mashine ya kusaga, hata kuku. Nikajiona nimeiteka Kithyoko. Nilikuwa natembea kifua mbele, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini kina mama walikuwa wanafunika watoto nguo usoni nikipita. Nilidhani ni vumbi.

Ikafika siku ya josho. Mradi wetu ulikuwa umetengeneza pampu ya josho, na asubuhi ile wanakijiji walileta ng'ombe waogeshwe dawa ya kupe, foleni ndefu, watu kama harusini, nami nipo pale na spana zangu kuangalia pampu inavuta vipi. Mia nzima wakanigeukia. Nami nikawageukia. Mmoja mmoja wakaangusha macho, huyu anatazama viatu, huyu anatazama mawingu, nikawa nawafagia tu, mpaka macho yangu yakamfikia Kaveti.

Kaveti hakuangusha macho. Alisimama pale kando ya Mama Nduku, anatafuna, ananitazama. Nikamtazama. Akanitazama. Nikasema moyoni, na wewe tena? Binadamu wote wameshindwa, nishindwe na ng'ombe? Nikasogea. Nikamkazia. Yeye anatafuna tu, hana haraka, hana haya, na kope zake ndefu zile. Sijui nilisimama dakika ngapi, lakini nilipokuja kustuka, josho zima lilikuwa kimya na mimi ndiye niliyekuwa nimetokwa na machozi. Ili kufunika aibu, nikacheka, nikampiga Kaveti kofi la mapenzi mgongoni, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Nduku, ng'ombe huyu mzuri! Tazama alivyonona! Tazama kiwele! Mashallah!"

Mjue kwetu mwambao tunaogopa husuda kuliko tunavyoogopa kodi. Ukisifu kitu cha mtu, unasema mashallah, yamekwisha, hakuna wa kukudai. Kwa hiyo nilijiona nimefanya adabu yote. Lakini Mama Nduku aliendelea kunitazama kama anayesubiri chenji. Akatabasamu, akasema polepole, "Sawa kijana yangu. Sasa mtemee mate."

"Nani?"

"Ng'ombe. Umeangalia, umesifu. Mtemee mate kidogo tu, hapa kwa uso."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoamua. Ingekuwa nimetema, tone moja, hadithi ingeishia hapo na leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Lakini mimi si mtoto wa Tanga? Si nimelelewa? Nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akitupiga makofi kwa kutema mate uani. Nikatoa leso mfukoni, nikajifuta midomo, mbele za watu wote wale, nikasema kile Kiswahili changu cha redio, "Hasha, mama! Mimi nimelelewa. Siwezi kumtemea mate kiumbe wa watu."

 Mama Nduku alivuta kamba ya Kaveti, akampeleka kwenye josho. Mwenyekiti wa josho, Mzee Kilonzo, akaguna. Mimi nikarudi kwenye pampu yangu nikijisikia mstaarabu peke yangu katika wilaya nzima.

Saa sita haijafika, nasikia yowe. Kaveti alikuwa amelala chini hatua chache kutoka langoni mwa josho, tumbo limemvimba upande wa kushoto kama ngoma, anahema, ulimi nje. Mama Nduku amepiga magoti kando yake, kitambaa kimemtoka kichwani, anampigapiga shingo na kumwita jina. Kabla sijafika, watu wakaniona naja, wakafungua njia. Wakafungua njia wenyewe, bila kuombwa! Muda wote nilikuwa nataka watu wasinizonge, basi siku hiyo nikapata barabara ya lami mpaka kwa ng'ombe.

"Wewe wa macho," mama mmoja akanyoosha kidole, "kuja uteme!"

Nikajaribu elimu. Nikasema, jamani, ng'ombe huyu kajaa gesi, Mama Nduku mwenyewe asubuhi alituambia kwamba alfajiri alivunja uzio akaingia kwenye kunde zenye umande, ni kunde zile!

"Kunde amekula kila mwaka," Mzee Kilonzo akanijibu kwa utulivu. "Kuangaliwa hivyo na wewe ni leo."

Nitajie mwanasheria wa kulijibu hilo. Nikamtafuta Musyoka kwa macho, mshauri wangu mkuu, nikamwona yuko nyuma ya gari amejikunja, mabega yanatikisika, na haikuwa kwa kilio. Bwana mifugo yuko wapi? Yuko mbali, mtu ameshatumwa na baiskeli, atafika kesho Mungu akipenda. Mama Nduku akainua uso. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Kijana yangu, tafadhali. Nduku atarudi nyumbani."

Nikaona haya mpaka visigino. Nikaiweka leso mfukoni, nikaweka malezi mfukoni, nikapiga goti mbele ya Kaveti, nikavuta pumzi ili niteme.

Hakuna.

Mdomo mkavu! Mkavu kama gunia! Nikazungusha ulimi, nikafyonza mashavu, nikasugua meno, hakuna hata unyevu. Woga umenikausha, jua limenikausha, na watu mia wamenitumbulia macho mdomoni, na wa nyuma wamepandisha watoto mabegani waone. "Ptu," nikafanya. Upepo mtupu. Umati ukaguna kwa pamoja kama wanaoangalia penalti imekoswa.

"Anamnyima mate tena!" mmoja akafoka.

"Simnyimi! Hayapo!"

Nikaletewa maji kwenye kikombe. Nikapiga funda, nikataka kutema, Mzee Kilonzo akanizuia kwa mkono, "Hapana, hayo ni ya mtungi. Tunataka yako." Nikameza. Hapo kila mtu akawa mtaalamu wa mate. Mmoja anasema nifikirie nyama. Mwingine anasema nipigwe mgongoni, nikapigwa mgongoni, na sikuambiwa ni nani aliyepiga, lakini alikuwa na chuki binafsi. Mwisho bibi mmoja kizee akajipenyeza na ukwaju mkononi, akachuchumaa mbele yangu uso kwa uso, akaumenya, akautia mdomoni mwake, akaanza kuumung'unya taratibu, amefumba jicho moja kwa ukali wake, huku ananitazama kwa jicho la pili.

Ukwaju! Mtu wa Tanga umwonyeshe ukwaju! Mate yakaja, yakaja mengi, yakaja mpaka masikioni, mashavu yakavimba, nikawa siwezi hata kusema kwamba yamekuja. Na wakati huo huo Mzee Kilonzo, ambaye ndiye aliyekuwa na akili pale, alikuwa ameagiza chupa ya mafuta ya kupikia na ameinama kumnywesha Kaveti, kafungua taya kwa mkono mmoja na mwingine umeshika chupa. Mimi sikumwona. Nilifumba macho, nikatema kwa nguvu zangu zote za kiume.

Nilipofumbua, nusu ilikuwa kwenye paji la uso la Kaveti, kama ilivyotakiwa. Nusu ilikuwa kwenye shavu la mwenyekiti wa josho. Mzee Kilonzo hakusimama, hakuacha kumimina mafuta. Alisema tu, "Asante. Mimi pia nilikuwa nanona."

Wakamkandakanda Kaveti tumbo, wakamsukuma, wakamgeuza, na mara, jamani, ng'ombe yule akabeua. Mbweu moja ndefu, ya kunde tupu, ilinijia yote usoni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Akabeua tena. Tumbo likaanza kunywea, akajikusanya, akainua makalio, akasimama. Watu wakapiga kelele, kina mama vigelegele, Mama Nduku akamkumbatia shingo analia na kucheka. Nikataka kusema kwamba ni mafuta. Nani wa kunisikiliza? Mafuta yako kila duka, mate yangu ndiyo yaliyokuwa habari.

Nikadhani yamekwisha. Ndipo nyuma mtu akasema, "Hata mtoto wangu alimwangalia, Jumanne, pale sokoni. Tangu siku hiyo halali." Hapo Kithyoko nzima ikaanza kukumbuka. Wiki mbili nzima za ushindi wangu zikaniangukia. Niliangalia kuku wa fulani, wameacha kutaga. Niliangalia mashine ya kusaga, imekwama mara tatu. Niliangalia baiskeli, niliangalia mche wa papai, niliangalia bwana harusi. Wakapanga foleni, ile ile ya josho, ng'ombe wametoka wameingia watu, na bibi kizee akaketi kando yangu na ukwaju wake akiwa kama afisa wa serikali. Nilitema mpaka saa kumi. Nilitemea watoto kwenye vipaji vya nyuso, nikatemea vifaranga, nikatemea mkanda wa mashine, nikatemea mwanamume ambaye nina hakika sijawahi kumtazama ila alitaka tu asipitwe. Musyoka akaja mwisho kabisa akasema na yeye niliangalia gari. Nilimtemea kiatu, na hilo silijutii mpaka leo.

Kuanzia siku hiyo sikutazamwa tena. Napita sokoni, nyuso zote ziko chini, kimya kama nimebeba jeneza. Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Na bomani nikawa najificha, naingia chumbani kimya kimya, natoka alfajiri, kwa kuwa sikuweza kukutana macho na Mama Nduku. Siku ya nne nikashindwa. Nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda nikamkuta anasuka, nikakaa kwenye kigoda, nikasema, "Mama, nisamehe. Siku ile nilidhani kutema mate ni kukosa adabu, sikujua kwamba nikikataa nitaonekana mchawi."

Akashusha chondo magotini. "Mchawi? Nani alisema mchawi?" Alicheka, lakini si sana. "Sikiza. Sisi hapa mgeni hatumwambii ateme mate. Mgeni akikuja, tunaficha ng'ombe. Wewe nilikuacha ukasimama hapo, ukaangalia ukashiba, halafu nikakuambia utemee mate, vile ningeambia Nduku. Ukatoa kitambaa." Akachukua chondo chake, akavuta uzi. "Nikajua kumbe mimi peke yangu ndio nilikuwa nafikiria uko nyumbani."

 Miezi mizima nililalamika kwamba natazamwa kama mgeni, na siku moja tu, mara moja tu, nilipoambiwa kitu anachoambiwa mtoto wa nyumbani, nilijifuta mdomo. Nilitamani anitukane. Nilitamani hata wanitazame wote mia, kuliko kuendelea kumtazama yeye anavyosuka bila kuinua kichwa.

Basi nikaapa pale pale kwenye kigoda, na kiapo sijakivunja: nikiwa kwa watu nikaambiwa sisi hufanya hivi, nitafanya, na malezi yangu yatanisubiri mlangoni. Wa kunitazama na anitazame mpaka macho yamtoke, mimi sishindani tena na mtu wala mnyama.

Mwezi uliofuata, alfajiri, nikagongewa mlango kwa fujo. "Kijana yangu! Amka, Kaveti amezaa! Kuja uangalie!" Nilitoka na kikoi, miguu peku, na kwa kuwa sikutaka kuambiwa mara ya pili, nilianza kutema mate tangu mlangoni.